Nadhiri ya sufuria moja: msaga viungo wa Labasa na vidonge asivyoweza kuviacha

Jumamosi asubuhi mjini Labasa, kaskazini mwa Fiji, Dhanpati Ramlakhan anakaanga giligilani kwenye karai kavu, bila tone la mafuta, akiigeuza kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ameulaza mapajani kama kitu alichoachiwa akishike. Harufu inapohama kutoka ya majani makavu na kuwa ya karanga, anaepua. Rangi haiangalii.

"Macho yanadanganya," anasema. "Ukingoja uone imebadilika, imeshaungua."

Hatua chache nyuma yake, juu ya gunia la haradali, amekaa mama mkwe wake, Sukhdei, mwenye miaka 74. Anangoja zamu yake. Mashine ya kusagia inanguruma, inanyamaza, na Dhanpati anamsogezea bakuli. Bibi anachovya ncha ya kidole, anaiweka ulimini, anafumba macho.

"Uwatu umezidi."

"Haujazidi, Mama. Ni kipimo kile kile cha juzi."

"Bi harusi, ulimi ni wangu au ni wako?"

"Ni wako. Wangu hospitali walishaustaafisha."

Ndoa ya Dhanpati ina zaidi ya miaka ishirini, na mtoto wake mkubwa anafanya kazi mji mkuu, Suva, lakini kwa Sukhdei ataendelea kuitwa bi harusi mpaka mmoja wao afe. Ndivyo mama wakwe wa huku wanavyowaita wake za wana wao.

Mashine ikinyamaza, husikika kitu kingine: mlio mdogo na mkavu unaotoka kifuani mwa Dhanpati, tik, tik, tik. Ni vali ya moyo iliyotengenezwa kiwandani. Mumewe, Bhim Raj, dereva wa lori la miwa, hupenda kuwaambia wageni kwamba alioa mke akaletewa saa ya ukutani.

"Ila saa ya ukutani hainuni," huongeza, na Dhanpati humrushia chochote kilicho karibu.

Akiwa mtoto, Dhanpati aliugua koo mara kwa mara. Magoti yakavimba, akakandwa mafuta ya haradali, akapona, familia ikasahau. Moyo haukusahau. Homa ya baridi yabisi, ugonjwa unaoanzia kooni na ambao visiwa vya Pasifiki vinaujua kuliko sehemu nyingi za dunia, ilikuwa imekaza vali moja ya moyo wake. Alipofika miaka 29 hakuweza kupanda ngazi ya nyumba yake bila kukaa katikati. Madaktari wageni waliokuja Suva kwa wiki chache walimfungua kifua na kumwekea vali mpya.

Damu hupenda kuganda juu ya kitu kigeni kama hicho. Ndiyo maana tangu siku hiyo Dhanpati anameza warfarini, kidonge kinachozuia damu kuganda. Kikizidi nguvu, damu huvuja. Kikipungua, damu huganda na bonge linaweza kuruka hadi kwenye ubongo. Kipimo cha damu yake, ambacho hupanda damu inapozidi kuchelewa kuganda, kinatakiwa kiwe kati ya mbili na nusu na tatu na nusu. Nafasi yake ya kuishi ni hiyo.

Kwa miaka mingi alikaa humo bila shida, na huku akisaga viungo. Kila siku aliramba chembe za manjano, tangawizi kavu, pilipili na mdalasini ili kujua kama mchanganyiko umekaa sawa. Mchuzi wa nyumbani ulikuwa na manjano kila jioni. Hakuna lililomdhuru. Daktari aliyemhudumia baadaye alieleza sababu kwa maneno machache: dozi ya vidonge vyake ilikuwa imepangwa juu ya mwili unaokula hivyo hivyo kila siku. Kilichomwangusha ni mabadiliko.

Yalianza sokoni. Meza ya Dhanpati imepakana na ya Sakiusa Tuivaga, mkulima mzawa wa visiwa hivi anayeuza magimbi na majani yake. Ujirani wao ni wa maneno. Sakiusa humwambia kwamba wanawake wa Kihindi wanatia pilipili ili watu wasigundue hawajui kupika. Dhanpati humjibu kwamba wanaume wa kwao wangechemsha hata kiatu kwenye tui la nazi wakakiita karamu.

Siku moja ya mwaka jana, Sakiusa alikuwa akirudisha nyuma kitoroli cha magunia. Hakuona nyuma. Chuma kilimpiga Dhanpati pajani.

"Nilimwambia si kitu," anakumbuka. "Na kweli, siku ile hakikuwa kitu."

Usiku paja likavilia damu. Asubuhi alama ilikuwa kubwa kama kiganja.

Katika nyumba za watu wa Dhanpati, mtu akiumia hapelekwi kwanza hospitali. Anapewa maziwa ya moto yaliyokorogwa manjano, na pilipili manga kidogo ili yafanye kazi upesi. Mtoto aliyeanguka mtini hupewa. Mwanamke aliyejifungua hupewa. Sukhdei alimkorogea bi harusi wake kikombe kilichojaa, akasimama juu yake mpaka akakimaliza.

"Manjano yale si haya ya dukani," anasema Sukhdei. "Nilichimba mwenyewe mlimani, mabichi. Nilisaga nikaweka vijiko vikubwa. Mgonjwa humpimii kwa uchoyo."

Alama haikupungua, ilikua. Vikombe vikawa viwili kwa siku, kisha vitatu. Fizi zikaanza kutoa damu akisukutua. Wakadhani ni udhaifu, wakaongeza manjano. Kila alama mpya mwilini ilikuwa sababu ya kikombe kingine.

Alipopelekwa hospitali, paja lilikuwa limevimba hadi ngozi inang'aa, na alikuwa amepauka kiasi kwamba Bhim Raj aliogopa kumwangalia. Kipimo chake kilikuwa kimepita nane. Misuli ya paja ilikuwa imejaa damu iliyovujia ndani.

Daktari wa zamu alimuuliza kama anatumia dawa nyingine yoyote. Akasema hapana. Daktari wa wodini akamuuliza kama anatumia dawa za mitishamba. Akasema hapana. Mfamasia akamuuliza tena, na jibu likawa lile lile.

"Sikuficha," anasema Dhanpati. "Mganga wa mitishamba namjua, yuko ng'ambo ya mto, sijawahi kwenda kwake. Manjano ni chakula. Nani anahesabu chumvi kuwa dawa?"

Waliompima walijiuliza kama amekosea vidonge, kama ini lake limeharibika, kama kuna dawa ya maumivu aliyonunua dukani. Vidonge vyake vya kila siku vilisimamishwa kwa muda, akaongezewa damu.

Jibu lilikuja saa ya kutazama wagonjwa. Sukhdei aliingia wodini na chupa ya chai kwapani, akaketi kando ya kitanda, akafungua kifuniko na kumimina. Muuguzi Vilomena Dakuwaqa alikuwa akibadilisha shuka za kitanda cha pili.

"Bibi, hiyo nini?"

"Maziwa."

"Mbona rangi yake kama shati la bendi?"

"Ameumia, huoni? Au hapa kwenu mtu akiumia hanyweshwi?"

"Anakunywa mara ngapi?"

"Asubuhi, mchana, jioni. Leo tumechelewa kwa sababu basi lilikuwa bovu."

Vilomena aliuchukua mkono wa bibi, kwa adabu, akaurudisha chini pamoja na kikombe. Kisha akaenda kumwita daktari, haraka, bila kukimbia, kwa sababu wagonjwa wakimwona muuguzi anakimbia huogopa.

Daktari hakusema kwamba manjano peke yake ndiyo yaliyomwaga damu ile. Alikuwa mwangalifu. Pigo la kitoroli lilikuwepo, na hakuna aliyempima kabla ya kuanza vikombe. Lakini alieleza kwamba manjano mengi namna ile, mabichi na yenye pilipili manga, yanaweza kuipa warfarini nguvu kupita kiasi, na kwamba tangawizi au vitunguu saumu vikinywewa kama dawa navyo vinatiliwa shaka hiyo hiyo. Kijiko kidogo katika sufuria ya familia nzima ni jambo jingine.

Sukhdei alisikia nusu ya kwanza tu. Alirudi nyumbani akamwaga manjano yote shimoni, ya kuuza na ya kula.

"Aliyemkorogea ni mimi," anasema.

Dhanpati aliruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na maagizo ya kuanza tena vidonge. Vilomena alimsomea karatasi ya ushauri. Ilisema asibadilishe chakula ghafla, na ajihadhari na mboga zinazoipunguza nguvu dawa yake. Mboga zilizotajwa zilikuwa brokoli na nyingine za namna hiyo. Brokoli mjini Labasa inaonekana kwenye duka moja, imefungwa kwa plastiki, na Dhanpati hajawahi kuila.

Wiki ile ile, Sakiusa alifika nyumbani kwao na mke wake. Kwa watu wa Sakiusa, aliyemuumiza mwenzake hamalizi jambo kwa kusema samahani. Huja amebeba kitu, hukaa chini, huinamisha kichwa, na mwenyeji akikipokea yameisha. Akikikataa, yameanza. Sakiusa alileta mzizi wa kava, ambao huku hutwangwa ukawa kinywaji cha heshima, na kapu la majani ya magimbi, mabichi, mazuri, ya shamba lake.

"Shemeji, nilimwaga damu yako," alimwambia. "Acha niirudishe."

Bhim Raj alipokea. Isingewezekana asipokee. Na Sakiusa hakuishia siku ile. Kila alipotoka shambani alipitisha kapu. Majirani wengine nao, waliposikia Dhanpati ameishiwa damu, walileta mchicha na majani ya mlonge, kwa sababu kila mtu anajua majani mabichi yanaongeza damu. Dhanpati aliyala asubuhi na jioni. Mchuzi wa Sukhdei ulikuwa mweupe, hauna manjano, umejaa majani.

Majani yale yana vitamini ambayo huisaidia damu kuganda. Ndiyo inayoipinga warfarini. Mwanamke ambaye wiki zilizotangulia alikuwa na dawa iliyozidi nguvu, sasa alikuwa akila kinyume chake kwa makapu.

Kulikuwa na jambo la pili, na Dhanpati analitaja bila kusukumwa. Aliviogopa vidonge. Siku nyingine alivimeza, siku nyingine alivimimina kwenye kifuniko kisha akavirudisha chupani.

"Watu walikuwa wanakuja wananiambia, manjano tumekula tangu mababu, hakuna aliyekufa. Vilivyokutoa damu ni hivyo vidonge vya kizungu. Ukiwa umelala hapo, unaona kama wana akili."

Na la tatu: mwezi ule vifaa vya kupimia damu viliisha kwenye kliniki anayokwenda. Aliambiwa arudi wiki inayofuata. Wiki iliyofuata havikuwa vimeletwa.

Bonge lilipofika kwenye ubongo, alikuwa amesimama jikoni akichekecha unga. Chekeche lilimponyoka. Aliinama kuliokota, na mkono haukwenda. Alitaka kumwita Sukhdei, ikatoka sauti isiyo neno.

"Nilidhani ananitania," anasema Sukhdei. "Nikamwambia, bi harusi, okota chekeche lako, usinifanyie michezo."

Kiharusi hakikumuua. Maneno yalirudi polepole, ingawa bado anakwama kwenye majina ya vitu, na akikwama huonyesha kwa kidevu. Mguu ulirudi. Mkono wa kulia, ule uliojua uzito wa kila kiungo bila mizani, haukurudi wote. Vidole viwili havifungi.

Vilomena anakumbuka siku alipomkuta tena wodini. Aliuliza maswali yale yale ya dawa, akapata hapana zile zile. Safari hii hakuondoka. Alikaa kitandani akauliza swali jingine: "Dada, tangu utoke hapa, watu wamekuletea nini?"

Dhanpati, kwa maneno yaliyovunjika, akasema: majani.

"Nilikuwa nimemsomea brokoli," anasema muuguzi huyo, ambaye kwao ni kijiji cha pwani, si mbali na mji. "Majani ya magimbi mimi nayala tangu sijaota meno. Kwetu si mboga, ni chakula tu. Yule bibi hakuona dawa ndani ya manjano, na mimi sikuona dawa ndani ya majani. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilivaa sare."

Tangu siku hiyo hamuulizi mgonjwa wa warfarini kuhusu dawa za mitishamba peke yake. Anauliza: ukiumia nyumbani unanyweshwa nini? Ukiishiwa nguvu unaletewa nini? Ukifunga unakula nini badala yake? Majibu, anasema, huwa marefu.

Kazi ya Dhanpati imebadilika. Manjano yamerudi jikoni, kwa kijiko kidogo kile kile kwa sufuria ile ile, kwa sababu kuyaondoa kabisa nako kulikuwa mabadiliko. Majani anayala, kiasi kilekile, siku zilezile za wiki. Maziwa ya manjano hayaingii mdomoni mwake, wala tangawizi ya kuchemsha wakati wa mafua. Akitaka kubadilisha chochote, anauliza kwanza. Na kidonge, hata akiogopa, anakimeza.

Kuonja hakukatazwa moja kwa moja. Aliambiwa anaweza kuonja akatema. Alijaribu sokoni kwa siku mbili. Wateja walimwona msaga viungo anatema alichosaga, wakahamia meza nyingine. Ndipo Sukhdei alipochukua kazi hiyo.

"Dada, masala yako mwenyewe huonji, sisi tutaiamini vipi?" mteja mmoja anamuuliza Jumamosi hii, akipindua pakiti kutafuta kasoro.

"Muamini mama mkwe wangu. Ana ulimi mkali, kamuulize mwanawe."

Mteja anacheka na kununua. Wengi hawanunui. Kabla ya kiharusi, wiki nzuri ilimpa dola mia mbili na ushee. Sasa akifikisha themanini anashukuru. Na ulimi wa Sukhdei, kwa umri wake, unaanza kukosa. Leo amesema uwatu umezidi. Wiki iliyopita, kwa mchanganyiko huohuo, alisema umepungua. Dhanpati anajua, na hamwambii. Anafuata vipimo vyake mwenyewe na kumshukuru mzee kwa ushauri.

Sakiusa bado yuko meza ya jirani. Kwa miezi kadhaa hakuweza kumtazama. Siku aliyomsemesha tena, alimuuliza kama angependa amletee kitu ambacho si majani.

"Kaa na vitu vyako," Dhanpati alimjibu. "Ukiniomba msamaha tena nitakufa."

Walicheka wote wawili, anasema, lakini Sakiusa alikwenda kucheka nyuma ya magunia, na alikawia huko.

Mchana, Dhanpati anakwenda kliniki. Leo vifaa vipo. Vilomena anamtoboa kidole na wote wawili wanaitazama mashine ndogo.

"Tatu kasoro," anasema muuguzi.

"Basi?"

"Basi. Usibadilishe kitu."

"Na Diwali?"

Vilomena anatupa sindano na kumpa pamba. Sikukuu hiyo ya taa ya Wahindu imekaribia. Nyumba nyingi zitaacha nyama, zitajaza majani, dengu na vitamu. Kila nyumba utakayoingia utapewa sahani, na kuikataa ni kuwaambia wenyeji kwamba mikono yao michafu. Kusema daktari amekataza hakusaidii. Watasema daktari hajui, onja kidogo tu, na kidogo cha nyumba kumi na tano si kidogo. Mwaka jana, wakati wa sikukuu, Dhanpati alikuwa wodini. Mwaka huu itakuwa Diwali yake ya kwanza tangu aanze kuishi kwa kijiko, na ndiyo anayoiogopa.

Njia ilitoka kwa Sukhdei. Katika jamii yao kuna mtu mmoja tu anayeweza kukataa chakula na akaheshimiwa: mwenye nadhiri. Aliyeweka nadhiri hekaluni kwamba hatakula kitu fulani halazimishwi na yeyote. Hata shangazi mkorofi hurudisha sahani na kumwombea heri.

Bhim Raj alipendekeza waseme tu kwamba mkewe ana nadhiri, yaishe. Mama yake alimkatalia kwa ukali. Nadhiri, alisema, haitaniwi, na nyumba hii imeshapata ya kutosha.

Kwa hiyo itakuwa ya kweli. Alhamisi ijayo Dhanpati atakwenda hekaluni na nazi na maua, na Sukhdei pembeni yake, kuapa kwamba atakula kutoka sufuria yake mwenyewe, chakula kilekile, popote atakapoalikwa. Ameshazungumza na pandit, kuhani wa hekalu. Mzee huyo alitaka kujua nadhiri itakwisha lini, maana kila nadhiri ina siku yake ya kufunguliwa. Dhanpati alimwambia haina. Itakwenda naye hadi motoni, siku mwili wake utakapochomwa.

Pandit akauliza jambo la mwisho. Nadhiri haiwekwi bure. Mtu hujinyima ili apewe.

"Akaniambia, wengine wanaomba mtoto, wengine wanaomba viza ya Australia. Wewe unaomba nini?" anasema Dhanpati, akibonyeza pamba kwenye kidole kilichotobolewa, kwa muda mrefu, kwa sababu damu yake haiachi upesi. "Nikamwambia, naomba kesho nile nilichokula leo."